Malaria ya Wasiougua Mpakani Busia na Tororo

Kuanzia Oktoba 2017 hadi Oktoba 2019, watafiti wa Uganda na wenzao wa ng'ambo waliwafuatilia watu 531 wa kaya 80 katika eneo la Nagongera, wilayani Tororo, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, na kuwapima damu kila baada ya wiki nne. Mgonjwa alipimwa, na mzima naye alipimwa. Katika miaka hiyo miwili, malaria ya kulaza mtu kitandani ilijitokeza mara 38 tu miongoni mwa watu wote hao. Hakuna aliyezidiwa, hakuna aliyefariki.

Anayeijua Tororo ya zamani ataelewa uzito wa habari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu walikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku. Miaka kumi hivi baadaye, Nagongera ilikuwa bado inahesabu mara 310. Katika utafiti huu wa 2017 hadi 2019, hesabu ilikuwa imeporomoka hadi 0.43. Mtu angeweza kumaliza mwaka mzima, hata miwili, bila kuumwa na mbu mwenye vimelea hata mara moja.

Lakini damu ilikuwa na habari yake. Kwa hadubini, vimelea vilionekana katika asilimia 1.9 ya vipimo. Kilipotumika kipimo cha vinasaba, ambacho hunasa hata vimelea vichache mno, jumla ikapanda hadi asilimia 10.4. Mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na malaria mwilini huku akilima, akiendesha bodaboda, akicheza mpira uwanjani mwa shule, na hana habari. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, kiwango kilifika asilimia 14.

Kuhusu watu hawa, serikali za Uganda na Kenya hazina budi kuamua jambo. Nchi ikitaka kutokomeza malaria, haiwezi kuishia kwa wanaofika zahanati wakitetemeka kwa homa. Ni lazima iulize vimelea vinakaa kwa nani wakati hakuna anayeumwa, na vikishajulikana viliko, vifanywe nini.

Mwili unaozoea

Mtu aliyezaliwa na kukulia Busia au Tororo huanza kuugua malaria angali mchanga. Miaka ya kwanza ndiyo ya hatari, maana mwili bado haujamjua adui. Anayevuka salama umri huo, baada ya kuugua mara nyingi, hujenga kinga ya aina ya pekee. Kinga hiyo haimfukuzi mdudu moja kwa moja. Inampunguzia nguvu, inazuia wingi wake usifike kiwango cha kuleta homa, kisha wawili hao wanaishi pamoja kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi.

Mtoto wa darasa la nne yuko katikati kabisa ya safari hiyo. Kinga yake inatosha kumwondolea homa, lakini haijakomaa kiasi cha kumaliza vimelea kama ya mtu mzima. Ndiyo maana kundi la shule ya msingi ndilo lenye vimelea vingi kimyakimya. Wazazi humwona mzima. Mwalimu naye humwona mzima, ila labda anasinzia kidogo na rangi yake imepauka. Kupungukiwa damu hakuji kwa kishindo. Kwa mama mjamzito, vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, bila mama kusikia hata baridi. Katika jaribio la dawa lililofanyika Tororo na kuchapishwa mwaka 2016, nusu ya wajawazito waliopewa dawa ya kinga ya kawaida, SP, walikutwa na dalili za malaria kwenye kondo walipojifungua. Waliopewa dihydroartemisinin-piperaquine kila mwezi walikuwa asilimia 27.

Kwa hiyo nikiandika kwamba watu hawa hawaugui, nina maana kwamba hawana homa. Kuwaita wazima ni kuwakosea.

Kuna jambo jingine lililogunduliwa Nagongera ambalo mpaka leo linawashughulisha wanasayansi. Uchambuzi wa damu hizohizo, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wasichana na wanawake huondoa vimelea vya kimyakimya mwilini kwa kasi ya karibu maradufu ya wavulana na wanaume. Tofauti hiyo haikutokana na wanaume kuumwa zaidi na mbu. Maambukizi mapya yaliingia kwa kiwango kinachokaribiana, ila kwa wanaume yalikaa muda mrefu zaidi.

Nani anamwambukiza mbu?

Kuwa na vimelea ni jambo moja, kumwambukiza mbu ni jambo jingine. Kimelea cha malaria hakiwezi kuhama kutoka mtu hadi mtu mpaka kigeuke kuwa na jinsia, kiume na kike, na hao wa kiume na wa kike wafyonzwe pamoja na damu wakutane tumboni mwa mbu. Hatua hiyo ya jinsia hukomaa kwa siku kumi hivi, sehemu kubwa ikijificha ndani ya uboho wa mifupa, kabla ya kujitokeza kwenye damu.

Ili kujua ni nani hasa anayewaambukiza mbu, watafiti wa IDRC, taasisi ya utafiti ya Uganda, na wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi na cha California, San Francisco, waliamua kuwauliza mbu wenyewe. Kazi hiyo inataka mkono mwepesi. Damu ya mshiriki huchukuliwa na kumiminwa upesi kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye kuta mbili, na maji ya uvuguvugu huzunguka baina ya kuta hizo ili damu isipoe. Chini ya kikombe hutandikwa utando mwembamba mfano wa ngozi. Kopo la mbu jike waliofugwa maabara, ambao hawajawahi kuonja damu yenye vimelea na wameshindishwa njaa, huinuliwa hadi liguse utando huo. Katika giza, mbu hupenyeza midomo yao na kunywa. Wasioshiba hutolewa. Waliobaki hulishwa maji ya sukari kwa zaidi ya wiki moja, kisha hupasuliwa mmoja mmoja chini ya hadubini, na utumbo wao hutiwa rangi ili vifuko vidogo vya vimelea vionekane, kama vipo. Mbu mwenye kifuko hata kimoja huhesabiwa kuwa ameambukizwa.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Infectious Diseases, yangepaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya malaria ya ukanda huu. Watu wenye homa ya malaria walichangia asilimia 0.6 tu ya maambukizi kwa mbu. Asilimia 83.8 yalitoka kwa watu wasio na dalili ambao vimelea vyao vinaonekana kwa hadubini, na karibu asilimia 16 kwa wale ambao hadubini haiwaoni. Watoto wa umri wa kwenda shule walikuwa chanzo cha karibu asilimia 59. Na watu wanne peke yao walihusika na zaidi ya nusu ya mbu wote walioambukizwa.

Asilimia 0.6 haimaanishi kwamba mgonjwa wa homa hana vimelea. Anavyo, tena vingi. Lakini huko Nagongera mshiriki aliyepata homa alitibiwa haraka, kabla vimelea vya jinsia havijakomaa na kusambaa. Tiba ya mapema iliziba mlango huo. Mlango uliobaki wazi ni wa yule asiyejihisi mgonjwa, ambaye hakuna anayemtafuta.

Ushahidi huu hauko upande mmoja wa mpaka tu. Huko Webuye, Kaunti ya Bungoma, ambako si mbali na mji wa mpakani wa Malaba, watafiti walilinganisha chembe za urithi za vimelea vya watu na za mbu waliokamatwa katika nyumba zilezile. Walikuta kwamba maambukizi yasiyo na dalili yana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupita kwa mbu kuliko yale yenye homa.

Kipimo kinachoishia njiani

Sasa msomaji atasema: basi wapimwe wote, wenye vimelea watibiwe, kazi iishe. Nami ningependa iwe hivyo. Kwa bahati mbaya njia hiyo imejaribiwa karibu nasi, na haikufua dafu.

Kipimo cha haraka tunakijua sote. Kidole kinachomwa, tone la damu linawekwa kwenye kijishimo, matone ya dawa ya kusukuma damu yanafuata, na baada ya dakika 15 hadi 20 mistari inasomeka. Kipimo hiki kinatafuta protini inayotolewa na vimelea, na ili protini hiyo itoshe kuchora mstari, kwa kawaida panahitajika vimelea kama 100 au 200 katika kila maikrolita moja ya damu. Mwenye homa huwa na maelfu. Asiye na homa anaweza kuwa na kumi, au viwili. Kwake mstari hautokei, na mpimaji anamwambia hana malaria. Kwa upande mwingine, protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo aliyepona anaweza kuambiwa bado anaumwa. Kipimo cha vinasaba huona hata kimelea kimoja kwa maikrolita au pungufu, lakini kinataka maabara, umeme, mafundi na fedha. Huwezi kukibeba kwenye mkoba ukapita nacho nyumba kwa nyumba Samia au Bunyala.

Zanzibar walijaribu mwaka 2012. Kwenye shehia zilizokuwa na malaria zaidi, watu walipimwa kwa kipimo cha haraka katika awamu mbili na waliokutwa na vimelea wakatibiwa. Kipimo kiliwakosa wengi ambao kile cha vinasaba kiliwaona, na matukio ya malaria hayakupungua ukilinganisha na shehia ambazo hazikufanyiwa hivyo. Huko Siaya, jirani kabisa wa Busia ya Kenya, watafiti wa taasisi za KEMRI ya Kenya na CDC ya Marekani waliwapima na kuwatibu watu mara tatu kwa mwaka kwa miaka miwili, kazi nzito ya kupita nyumba kwa nyumba. Mwishoni, kiwango cha vimelea hakikuwa na tofauti ya maana na cha vijiji visivyoguswa. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zisitegemee kupima na kutibu umma mzima kama njia ya kupunguza maambukizi.

Mpakani shauri hilo linagusa moja kwa moja. Shirika hilo halipendekezi hata kuwapima kwa kawaida wasafiri wanaopita kwenye vituo vya mpaka, na anayeijua Busia hahitaji kuelezwa sababu. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Februari 2018, malori yanapita upande mmoja na watu wa miguu wanapita pande zote. Mkulima ana shamba Uganda na nyumba Kenya. Wako wanaovuka kwenda shule, wako wanaovuka kwenda hospitali, na njia za panya ni nyingi kuliko barabara. Samia na Teso ni watu wa pande zote mbili. Mpaka ulichorwa katikati ya jamaa zao. Kumpima mtu getini wakati binamu yake amevuka kijitoni ni kujichosha bure.

Wako watakaosema basi tusipime kabisa. Hapo siafikiani nao. Bila ule upimaji wa kila wiki nne wa Nagongera tusingejua hata robo ya haya. Upimaji ni macho ya mpango wa malaria: unaonyesha vimelea viko wapi, kwa umri gani, vinaongezeka au vinapungua, dawa gani zinaanza kushindwa. Kosa ni kuufanya kuwa tiba. Na kuna deni la kuwaheshimu wanaotoa damu hiyo. Ukanda huu una kumbukumbu ndefu ya uvumi wa mumiani na wanyonya damu tangu enzi za ukoloni. Mzazi anayekubali mtoto wake mzima achomwe sindano mwezi baada ya mwezi anastahili kuelezwa kilichopatikana, kwa lugha yake, Kidhopadhola, Kiteso au Kisamia, na si katika jarida la Ulaya pekee.

Dawa ukutani ilipobadilishwa

Malaria ya Tororo haikushuka kwa sababu ya kupima. Ilishuka kwa sababu ya vyandarua vilivyogawiwa mwaka 2013 na 2017, na zaidi kwa kunyunyizia dawa kuta za nyumba kuanzia Desemba 2014, kwanza bendiokabu, kisha Actellic. Busia ya Uganda, wilaya jirani, haikupata unyunyiziaji huo, na malaria yake iliendelea kuwa juu.

Mwaka 2020 Tororo ilibadilishiwa dawa na kupewa aina mpya zenye klothianidini. Kubadilisha dawa kwa zamu ni jambo la busara, kwa kuwa mbu huzoea dawa moja. Lakini malaria ilirudi kwa kishindo kilichowashtua waliokuwa wakihesabu, hadi kukaribia, na mahali pengine kupita, viwango vya kabla ya 2014. Mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye hupenda maji ya kudumu yenye majani, na Tororo ina vinamasi tele, akachukua nafasi kubwa. Vipimo vilionyesha kwamba dawa hiyo mpya haikumuua ipasavyo, ilhali Actellic ilimuua. Mwaka 2023 Actellic ilirejeshwa, na malaria ikaanza kushuka tena.

Urahisi wa kurudi huko ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote. Moto huo ulipata kuni zilizokuwa tayari, yaani ile asilimia 10 ya watu waliobaki na vimelea bila dalili wakati zahanati zilipokuwa tupu. Mbu wakiongezeka kidogo tu, wanakuta damu yenye vimelea inawasubiri. Mpango wa Pare na Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, ulifundisha jambo hilohilo tangu miaka ya 1950: malaria ilishushwa sana kwa dieldrini, lakini haikung'olewa, na unyunyiziaji uliposimama ilianza kurudi. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, unyunyiziaji nchini Uganda, uliotegemea fedha hizo, ulisimamishwa nao. Wilaya yenye hifadhi ya vimelea ndani ya watoto wake haiwezi kuuweka ukuta wake rehani kwa bajeti ya nchi nyingine.

Kilichobaki kufanywa

Kama tunajua tayari kwamba hifadhi kubwa iko kwa watoto wa shule, kwa nini tuhangaike kumtafuta mmoja mmoja kwa kipimo kisichomwona? Watoto hao wamekusanyika darasani siku tano kwa wiki. Huko Mulanda, Tororo, watoto 740 walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014. Waliopewa dihydroartemisinin-piperaquine kila mwezi, bila kupimwa kwanza, walipungukiwa na matukio ya malaria kwa asilimia 96, vimelea vya kimyakimya kwa asilimia 94, na upungufu wa damu kwa asilimia 40. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dawa ya kinga inaweza kutolewa kwa watoto wa umri wa shule mahali penye malaria nyingi. Dawa hiyo isiwe ileile inayotumika kutibu wagonjwa, ili dawa ya tiba isichakazwe. Hilo si la kupuuza, maana vimelea vinavyostahimili artemisinini vilithibitishwa kaskazini mwa Uganda na kuripotiwa mwaka 2021.

Chanjo nazo zimefika. Busia ya Kenya ilikuwa miongoni mwa kaunti za majaribio ya RTS,S kuanzia 2019, na Uganda ilizindua chanjo ya R21 Aprili 2025. Zitaokoa maisha ya wadogo, na kila mzazi ampeleke mtoto wake. Lakini zinatolewa kwa watoto wachanga. Mwenye miaka kumi, yule anayemlisha mbu, hazimgusi.

Hukumu yangu ni hii. Fedha za kupima zitumike kwa sampuli chache zilizochaguliwa vizuri, kwa kipimo cha vinasaba, katika msimu mmoja na kwa utaratibu mmoja pande zote mbili za mpaka, ili Busia ya Kenya, Busia ya Uganda na Tororo zisome ramani moja. Fedha kubwa ziende kwenye kuta, kwenye vyandarua, kwenye tiba ya siku ileile homa inapoanza, na kwenye dawa ya kinga shuleni. Kunyunyizia Tororo na kuiacha Busia, au kuwapa dawa watoto wa Uganda na kuwaacha wenzao wa ng'ambo ya Mto Malaba, ni kumpa mbu mahali pa kujificha.

Nawe mzazi wa Nagongera, Masafu, Matayos au Amagoro: katika nyumba nyingi mtoto wa miaka minane hadi kumi na tano ndiye wa mwisho kupata chandarua, kwa kuwa mama analala na mchanga na baba ana chake. Leo usiku mtafutie nafasi ndani ya chandarua, hata kama hajaugua mwaka mzima. Wahudumu wa afya wa kijiji wakija kupima au kugawa dawa, mtoe, waulize maswali yote uliyo nayo, na akipewa dawa hakikisha anaimaliza.